Mwezi Usio na Sikukuu

Mama Laicheng alihesabu mimba kwa sikukuu, kama mama yake na bibi yake walivyohesabu. Katika bonde lile kila mwezi una sikukuu yake, na kila sikukuu ina chakula chake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma hapotei ndani ya mwaka. Kuna mwezi wa taa, kuna mwezi wa Joka kuinua kichwa ambao watu hunyoa nywele, kuna mwezi wa makaburi, mwezi wa gulio la hekalu, mwezi wa wali mnata uliofungwa kwa majani, hivyo hivyo mpaka mwezi wa kumi, wafu wanapochomewa nguo za baridi za karatasi. Mwanamke akisema alishika mimba kwenye taa, Mama Laicheng hukunja kidole kwa kila sikukuu inayopita, na vidole vyote kumi vikiisha kukunjwa, mtoto yuko mlangoni. Nusu ya watoto wa kijiji aliwatabiri hivyo, na watu walimheshimu kwa jambo hilo.

Basi mkamwana wake Suyun alipoanza kunywa siki kwa kijiko na kukimbia harufu ya mafuta ya kukaangia, mama mkwe hakuuliza. Alikunja kidole cha kwanza akatabasamu. Mwanawe wa pekee, Laicheng, alikuwa amefika usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, amechoka, treni zote zimejaa, na alirudi kwenye kazi yake ya ujenzi katika jiji la Tianjin kesho yake ya sikukuu ya taa. Mtoto ni wa mwezi wa kumi. Wafu wakishapata nguo zao, yeye atampata mjukuu wake. Aliyatangaza hayo kinuni, kisimani, na dukani kwa Mama Yu, penye simu ya kijiji, na mambo yakawa yamekwisha.

Shaka aliileta Suyun mwenyewe nyumbani, kwa miguu yake, akitokea kliniki ya mjini.

Ilikuwa siku mbili tatu baada ya sikukuu ya wali wa majani. Suyun alikuwa amepimwa tumbo kwa utepe, kuanzia mfupa wa chini mpaka kilele cha tumbo, na daktari alikuwa amemwambia mtoto anakwenda vizuri, ana wiki ishirini na mbili. Alilisema hilo huku akimenya vitunguu saumu, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Mama Laicheng hakujua wiki. Alijua sikukuu. Lakini neno lilimkaa, na alipokwenda dukani kununua kiberiti akamwomba Mama Yu amgeuzie wiki hizo ziwe miezi.

Mama Yu alikuwa mwanamke mwenye mikono miepesi kwenye kokotoo la shanga, na mdomo mwepesi zaidi. Shanga zikalia. Akasema ni miezi mitano na kitu.

"Mitano tu, au na kitu?" aliuliza Mama Laicheng.

"Na kitu, mwenzangu. Tena kitu chenyewe si kidogo."

Mama Laicheng akarudi nyuma kwa vidole. Wali wa majani, gulio la hekalu, makaburi, Joka, taa. Vidole vitano vikamfikisha mwanzoni mwa mwaka, na ile "na kitu" ikamsukuma nje ya mwaka, mpaka ule mwezi wa kumi na mbili uliotangulia, mwanzo mwanzo wake, siku za uji wa nafaka nane. Wakati huo Laicheng alikuwa bado juu ya majukwaa ya Tianjin, anamwaga zege.

Alilipa kiberiti chake akatoka bila kuchukua chenji. Mama Yu alimwita arudi achukue, na alipomkabidhi alimtazama usoni kidogo zaidi ya ilivyopasa.

Jioni hiyo alimwambia Suyun kuwa daktari wake amekosea. Suyun akajibu kwa upole kwamba na yeye aliuliza. Daktari hahesabu tangu siku ya mume, alisema, kwa sababu siku hiyo hakuna anayeijua kwa hakika. Anahesabu tangu damu ya mwisho ya mwezi, halafu anajua mwenyewe kupunguza.

"Kwa hiyo daktari wako anaanza kumhesabu mtoto baba yake akiwa bado yuko kwenye treni?"

"Ndivyo wanavyofanya, mama. Kwa wote."

"Kwa wote," alirudia Mama Laicheng, akaendelea kukanda unga wa tambi. Aliukanda unga ule mpaka ukawa mgumu kama mpira, na usiku huo hakuna aliyezila tambi akazifurahia.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mtu akishaanza kuyatafuta mawingu hayakosi. Mama Laicheng alikumbuka sasa kuwa siku za uji wa nafaka nane palikuwa na mwanamume ndani ya ua wake. Fundi Du, seremala, aliitwa kutengeneza kabati la nguo, akalala chumba cha pembeni mpaka kabati likasimama. Kijana mrefu, penseli nyuma ya sikio, masikio yenyewe yamesimama kama mikono ya sufuria. Suyun ndiye aliyempelekea maji ya moto ya kunawa. Suyun ndiye aliyemwongezea kunazi kwenye uji wake. Tena fundi Du alitoka kijiji kimoja na Suyun, walichunga mbuzi pamoja utotoni, walicheka vicheko vya watu waliojuana wakiwa hawana viatu.

Na kulikuwa na safari ile ya masika. Ngano ilikuwa imeanza kuinuka, mkamwana hana hata tumbo la kuonekana, akaaga kuwa anakwenda kumwona mama yake. Alitoka na furushi la kitambaa cha buluu kwapani. Mama Laicheng aliliona kupitia dirishani, kwa sababu Suyun alilihamishia upande wa pili alipopita mbele ya mlango, upande usioonekana. Aliporudi kesho yake furushi halikuwapo, na hakulitaja. Wakati ule Mama Laicheng hakutia neno. Siku hizo hata kinuni alikuwa haendi, alikuwa na uchungu wake mwingine uliomfungia ndani, na hakutaka kuona wanawake wala miguu yao. Sasa alijiuliza: mtu anampelekea mama yake kitu gani ambacho mama mkwe hapaswi kukiona? Na nyumba ya fundi Du iko umbali gani na nyumba ya mama huyo?

Mtoto alicheza mara ya kwanza ngano ikiwa haijaanza hata kugeuka rangi. Suyun alikuwa amelisema jambo hilo kwa furaha, ameshika ubavu. Mama Laicheng alilitoa kumbukumbuni akaliweka pamoja na mengine. Laicheng alipokuwa tumboni mwake hakucheza mapema hivyo.

Kuanzia hapo akaanza kumpima. Hakumpima kwa utepe. Suyun akiinama kuchochea moto chini ya kitanda cha tofali, mama mkwe alikadiria kwa jicho vidole vingapi vimekaa juu ya kitovu. Suyun akining'iniza nguo, alitazama kama tumbo limepanda au limeshuka. Asubuhi moja alijitolea kumsugua mgongo kwenye beseni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu arusi, na mikono yake ikazunguka mbele ikapapasa kilele cha tumbo kilipo. Kilikuwa juu. Juu kwa mwezi mzima kuliko kilivyotakiwa.

"Mama, umepata?" aliuliza Suyun bila kugeuka.

"Nimepata nini?"

"Ulichokuwa unatafuta."

Mama Laicheng alimmwagia maji ya kusuuza, akasema sabuni siku hizi haitoki upesi.

Suyun alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakufoka, hakulia, hakujieleza mara mbili. Mwenye kosa, aliwaza mama mkwe, ndiye anayejua kukaa kimya vizuri hivyo. Lakini hata angejieleza angesema: tazama anavyojitetea. Hakukuwa na mlango wa kutokea kwenye mawazo yale, na yeye mwenyewe aliyekaa ndani yake hakuuona.

Uchungu ulianza mwezi wa tisa, mkesha wa sikukuu ya kupanda milima, keki za kunazi zikiwa bado kwenye mvuke. Mama Laicheng alivihesabu vidole vyake mara ya mwisho akiwa amesimama uani. Vilikuwa vimebaki bila kukunjwa kidole cha tisa na cha kumi. Suyun alipelekwa mjini kwa trekta ya jirani, na kesho yake asubuhi alijifungua mtoto wa kike.

Mama Laicheng alimpokea mikononi akamtazama kama anavyotazamwa mbuzi gulioni. Mtoto aliyetoka mwezi mmoja kabla anajulikana. Anakuwa mwekundu, mwembamba, ana manyoya mabegani, nyayo zake laini kama karatasi. Huyu alikuwa mzito. Kucha zake zilipita ncha za vidole, na zilikuwa zimemkwaruza shavu. Nyayo zilikuwa na mikunjo mpaka kisiginoni. Nywele nyingi. Muuguzi aliyempita alisema, bila kuulizwa, kuwa mtoto ametimia barabara, hana haraka wala hana kuchelewa.

Ametimia barabara. Kutoka siku za uji wa nafaka nane mpaka kupanda milima, hesabu ilimkaa fundi Du kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake.

Laicheng alipiga simu dukani kwa Mama Yu siku ya tatu. Mama Yu alimkabidhi Mama Laicheng mkonga wa simu, kisha akaanza kufuta rafu iliyo karibu zaidi, rafu ambayo ilikuwa safi. Mama alimwambia mwanawe kuwa ni wa kike na ni mzima. Laicheng akacheka, akauliza amefanana na nani. Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Angeweza kusema amefanana na wewe, akaenda zake. Badala yake alisema:

"Amekuja mwezi mzima kabla, lakini hana dalili hata moja ya kuja kabla. Kaa chini uhesabu mwenyewe, mwanangu. Mimi nimechoka kuhesabu peke yangu."

Kule upande wa pili zikasikika kelele za mashine ya zege.  Laicheng alisema salio linaisha.

Hakupiga tena. Mama Yu alikuwa na maoni yake. Alisema hasemi kitu, ila wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama Laicheng alimjibu kwamba wahenga hawakuwa na duka, walikuwa na muda wa kusema. Akaondoka na shingo iliyonyooka.

Suyun alikuwa anakaa mwezi wake. Mwanamke aliyejifungua hatoki nje, hagusi maji ya baridi, hapigwi na upepo. Anakaa juu ya kitanda chenye moto, anakunywa uji wa mawele na sukari guru. Mama mkwe alimpikia uji huo kila siku, mzito, wa moto, haukupungua. Watu wasije wakasema. Alimwogesha mtoto pia, na kila akimwogesha alilikunja sikio la kulia kuelekea kichwani, akaliachia, akaangalia kama linasimama. Lilisimama kidogo.

Kila siku Suyun aliuliza kama Laicheng amepiga. Kila siku aliambiwa laini ya simu ni mbovu. Siku moja akauliza kama laini imekuwa mbovu tangu mama alipozungumza naye, au ilikuwa mbovu hata kabla.

"Wewe kunywa uji wako," alisema Mama Laicheng.

Mwezi wa mtoto ukakaribia kutimia. Siku hiyo ndiyo mtoto hutolewa mbele za watu, na babu au bibi wa upande wa baba hutaja jina lake. Kabla ya siku hiyo mayai huchemshwa, yakapakwa rangi nyekundu, yakagawiwa nyumba kwa nyumba. Nyumba iliyogawa mayai imesema: huyu ni wetu. Mama Laicheng alikuwa na kapu la mayai chini ya meza, na pakiti ya rangi nyekundu ndani ya droo, na vitu hivyo viwili havikukutana. Badala yake alikwenda kupiga simu Tianjin, kwenye namba ya msimamizi wa majengo, akaacha ujumbe kuwa Laicheng aje nyumbani siku ya mwezi kutimia. Aje aamue yeye, kama mayai yanapakwa rangi, au kama Suyun na mtoto wanakwenda kwa mama yake wasirudi.

Asubuhi ya siku hiyo ilikuwa ya baridi kavu. Wafu walikuwa wamekwisha kuchomewa nguo zao tangu wiki iliyopita. Aliyefika kwanza alikuwa mama yake Suyun, amebeba kapu kubwa: mkate wa mviringo kama kola ya kuvishwa mtoto, nguo za pamba, kofia ya chui iliyoshonwa macho na masikio. Alikuja kama mila inavyotaka, mwezi ukitimia, kumchukua binti yake na mjukuu wake wakakae kwao siku chache. Kuhama kiota, ndivyo inavyoitwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alimbusu mtoto, akamkagua binti yake, akatazama mezani, akatazama jikoni, akauliza mayai yako wapi.

Mama Laicheng akasema bado.

"Bado? Jua limefika ukutani, mkwe. Watu watapokea mayai ya mwezi mtoto akiwa anatembea?"

"Namsubiri Laicheng."

Mama Suyun alishangaa kidogo, lakini alikuwa ametembea njia ndefu na miguu ilikuwa inamuuma kwa baridi. Akavua viatu mlangoni akapanda juu ya kitanda cha moto kando ya binti yake, akakunja miguu. Viatu vikabaki pale chini. Mama Laicheng, ambaye hakuwa na pa kutazama bila kukutana na macho ya mtu, akavitazama.

Vilikuwa vya kitambaa cheusi, soli nene iliyoshonwa kwa mkono, na ukingoni umepita uzi mwekundu. Havijachakaa. Akasema, kwa ule utani ambao una mwiba ndani:

"Viatu vipya hivyo. Umeposwa, mkwe?"

"Nani anipose na magoti haya?" alicheka mama Suyun. "Hivi ni viatu vyangu vya mwezi wa ziada. Aliniletea huyu. Alikuja navyo katikati ya ule mwezi wa pili wa pili, anatapika njia nzima, nikamwambia mjinga wewe, si ungemtuma mtu? Akasema kiatu cha mwezi wa ziada hakitumwi."

Mkono wa Mama Laicheng ulikuwa juu ya meza. Akaushusha chini ya meza.

Miezi ya kule hufuata mwezi wa mbinguni, na mwezi wa mbinguni huachwa nyuma na jua. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache mwezi mmoja hurudiwa, ili misimu isipotee njia. Katika mwaka ule, ambao kule huitwa mwaka wa Nyani, mwezi uliorudiwa ulikuwa wa pili. Lakini mwezi uliorudiwa haurudii sikukuu yake. Joka haliinui kichwa mara mbili, hakuna anayenyoa tena. Kitu pekee kinachofanyika katika mwezi wa ziada ni kwamba binti aliyeolewa humpelekea mama yake mzazi viatu vipya, ili mama aendelee kutembea juu ya ardhi miaka mingi. Mwenye mabinti huonekana kwa miguu yake. Na Mama Laicheng, mama wa mwana mmoja wa kiume, alikuwa ameupitisha mwezi ule ndani, mlango umefungwa, asiwaone wanawake wa kinuni wanavyonyoosha miguu makusudi. Alisema moyoni mwake kuwa ni mwezi wa bure, mwezi usiokuwapo. Alisema hivyo mara nyingi mpaka ukawa haupo kweli.

Akafungua vidole vyake polepole chini ya meza. Taa. Joka. Kisha mwezi ule. Makaburi. Gulio. Wali wa majani. Alipofika kupanda milima, vidole vyote kumi vilikuwa vimekunjwa, na hakuna hata kimoja kilichobaki.

Na zile wiki za daktari? Miezi mitano na kitu kurudi nyuma, ukiupitia mwezi ule pia, inamwacha mtu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, siku chache kabla Laicheng hajashuka kwenye treni. Damu ya mwisho. Kwa wote, alisema Suyun.

"Furushi la buluu," alisema Mama Laicheng.  Alikuwa anamtazama mkamwana wake. "Lile ulilolificha."

Suyun alikuwa ananyonyesha. Hakuinua uso.

"Sikulificha ubaya, mama. Huna binti. Sikutaka uvione."

Mama Laicheng akainuka. Akaburuta kapu la mayai kutoka chini ya meza, akaweka sufuria motoni, akafungua pakiti ya rangi kwa meno. Hakusubiri maji yachemke vizuri, mayai mawili yakapasuka. Hakusubiri mayai yapoe. Aliyatumbukiza kwenye rangi kwa mikono mitupu, akayageuza, akayatoa, na rangi ikamwingia kwenye kucha na mikunjo ya viganja mpaka kwenye vifundo. Mama Suyun alikuwa anamtazama kutoka kitandani, kicheko kimemtoka usoni. Hakuwa mjinga. Alimtazama mkwe wake, akamtazama binti yake, akaanza kuelewa kwa nini mayai yalikuwa bado.

Laicheng aliingia yakiwa yanakauka. Alisimama mlangoni na begi begani, ndevu za siku kadhaa. Alivua kofia. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi, na yalisimama pande zote mbili, kama yalivyosimama siku zote tangu alipozaliwa.

Hakumsalimu mke wake. Alimtazama mama yake, akasema kuwa aliambiwa ahesabu, na amehesabu njia nzima, kituo kwa kituo, na kila akihesabu anapata jibu lile lile.

"Ulihesabu mwezi wa pili mara ngapi?" aliuliza Mama Laicheng.

Hakuelewa. Kule Tianjin hakuna anayejali mwezi wa pili umekuja mara ngapi, watu hufuata kalenda ya mishahara.

"Ulikuja mara mbili, mwanangu. Mimi niliuhesabu mara moja. Nikakupa hesabu mbovu, na wewe ukaibeba kama ilivyo. Mtoto ni wako. Amekuja siku yake. Mwenye makosa ndani ya nyumba hii ni mimi."

Laicheng aliliachia begi likaanguka. Akageuka kwa Suyun, akafungua mdomo, lakini Suyun alikuwa ameshamfunga mtoto ndani ya blanketi la pamba na anamvisha kofia ya chui. Alifanya hivyo taratibu, hakuruka kitanzi hata kimoja.

"Yeye alihesabu vibaya," alisema Suyun, "lakini aliniletea uji kila siku. Wewe ulikuwa na simu."

"Suyun, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nimekaa nacho mwezi mzima hapa kitandani."

Akashuka, akavaa viatu. Mama yake akamshika mkono. Mila ilikuwa imewafungulia mlango, hakuna jirani ambaye angeshangaa kumwona mwanamke anahama kiota siku ya mwezi kutimia, mama yake yuko ubavuni na mtoto amefunikwa. Laicheng alilichukua kapu kubwa bila kuambiwa. Suyun hakumkataza, wala hakumpa mtoto.

Mama Laicheng aliwafuata mpaka kwenye lango la ua, mayai mekundu manne mkononi, akayatia kwenye mfuko wa koti la Suyun. Akasema jina la mtoto halijatajwa. Suyun akasema jina litasubiri, mtoto hana haraka, hata muuguzi alisema.

"Utakaa siku ngapi kwa mama yako?" Alijitahidi iwe sauti ya kawaida, sauti ya mama mkwe yeyote anayeuliza siku kama ile.

Suyun alimfunika mtoto sikio lililokuwa limetokeza nje ya kofia, lile la kulia.

"Hesabu wewe, mama," alisema. "Vidole unavyo."

Walishuka njia ya bondeni, wanawake wawili mbele, Laicheng nyuma na kapu, hatua chache baada yao, hakupewa ruhusa ya kukaribia na hakufukuzwa. Mama Yu alikuwa ametoka mlangoni mwa duka lake, na akauliza kwa sauti mbona mayai hayajafika kwake.

"Yanakuja," alisema Mama Laicheng. "Ya kwako nakuletea mwenyewe. Na nina neno pamoja nayo, ukae chini ulisikie lote, kisha ulipeleke kinuni kama ulivyolipeleka lile la kwanza."

Akarudi ndani kulichukua kapu la mayai. Mikono yake ilikuwa bado myekundu, na rangi ya mayai ya mwezi haitoki kwa sabuni. Inaondoka yenyewe, pole pole.